Mfalme Aliyejua Kulia

Binti yangu anafundisha fasihi chuoni, na likizo hii alikuja na kitabu kinene cha hadithi za kale za Japani, zile za majumba ya wafalme na mabibi wa nywele ndefu. Alikuwa ameweka kijikaratasi kwenye sura moja. "Mama, soma hapa," akaniambia. "Utampenda huyu mfalme, masikini. Mpole, ila dhaifu tu." Nikasoma kurasa kumi hivi, nikakifunga, nikaingia jikoni nikaanza kukata vitunguu ambavyo hakuna aliyevihitaji. Alipokuja kuniuliza nimekasirishwa na nini, nilimwambia mfalme huyo namjua. Nimeishi naye nyumba moja. Nimemfulia mashati.

Hakunielewa, na simlaumu. Mambo haya sijawahi kumsimulia mtu.

Kwetu Ngara, upande wa Murusagamba, tulimsikia mfalme wa Japani tukiwa darasa la tatu. Mwalimu wetu, Gaspari, alikuwa amesoma seminari akaishia njiani, na kitu pekee alichotoka nacho huko kilikuwa kitabu cha Kiingereza kisicho na jalada. Siku ya Ijumaa, tukishamaliza kupalilia shamba la shule, mikono bado ina udongo, alituketisha chini akatusimulia yaliyomo kwa Kiswahili. Kiswahili kikimwishia, anamalizia kwa Kihangaza, nasi ndipo tunaposikia vizuri.

Hadithi niliyoishika ni hii. Mfalme alimpenda mwanamke mmoja wa ukoo mdogo, aliyejua kupiga chombo cha nyuzi. Waziri mkuu, ambaye ni mjomba wa mfalme, alikitaka chumba cha yule mwanamke akipe binti yake. Akatoa amri mwanamke aondolewe, apelekwe milimani mvua ikinyesha. Mfalme alijua. Mfalme alisikia magurudumu ya gari la ng'ombe yakimpeleka. Akalia mpaka mikono ya joho lake ikalowa, kisha akatunga shairi juu ya mvua.

"Halafu?" niliuliza.

"Halafu basi," akasema Mwalimu. "Ni shairi zuri sana."

Sikuikubali hiyo basi. Kichwani mwangu haikuwezekana mfalme aandike kitu kisha kitu kisitokee. Sisi tulikuwa tumehamishwa kwa karatasi. Barua moja ilikuja kutoka wilayani, ikasomwa mara moja tu, na watu wa vilima vitatu wakang'oa milango yao wakaja kupangwa mistari kando ya barabara, wakaitwa kijiji. Kama karatasi ya mtu wa wilayani inaweza kufanya hivyo, ya mfalme je? Nikaamua mwenyewe kwamba shairi la mfalme ni amri, na kwamba Mwalimu aliachia njiani kwa sababu kengele ilikuwa karibu kulia. Yule mwanamke alirudishwa. Nilikuwa na hakika nalo kama nilivyokuwa na hakika na jina langu.

Kitabu kilikuwa na picha moja. Pazia la fito nyembamba limeshushwa hadi sakafuni, na chini yake unaona pindo la joho tu. Mwalimu alisema mfalme yuko nyuma ya pazia, mfalme hatazamwi. Mbele yake mwanamke amepiga magoti na chombo chake cha nyuzi kimelazwa chini, kirefu. Darasa zima tukasema ni inanga, zeze la kwetu. Na mimi nikaona fahari tumboni, kwa maana nyumba yenye inanga na pazia la matete ilikuwa ya kwetu.

Babu yangu alikuwa mtwale, mtawala mdogo chini ya mwami, mfalme wa kwetu. Baada ya uhuru vyeo hivyo vilifutwa, ila magoti ya watu hayakupata taarifa. Waliendelea kumpigia baba yangu magoti, wakamwita Mtwale kama walivyomwita baba yake, na kijiji kilipoanzishwa wakamchagua kuwa mwenyekiti bila hata kumuuliza kama anataka. Baba alikuwa mzuri wa sura, mrefu, sauti yake nyororo. Alikaa nyuma ya kiambaza cha matete kilichogawa sebule yetu, na mwenye shida alisemea upande wa huku. Alisikiliza kila mtu hadi mwisho. Aliwapa pole za kweli. Msibani alilia kabla ya wafiwa, na jioni alipakata inanga akaimba mpaka watu wanasimama njiani na mizigo yao kichwani. Kusema kweli, kulikuwa hakuna mtu katika kijiji kile aliyependwa kama yeye.

Kijiji kiliongozwa na katibu. Katibu alitoka mbali, alikuwa na baiskeli na mhuri, na wala hakuwa mtu wa kupiga kelele. Baba alikuwa na kiti, katibu alikuwa na maneno. Ukipeleka shida kwa baba unaondoka umefarijika. Ukipeleka kwa katibu unaondoka umeambiwa la kufanya. Mimi nilidhani ndivyo ilivyopangwa, kwamba mkubwa hasemi, mdogo ndiye anayesema.

Jirani yetu alikuwa Bibi Odilia, mjane. Mwanawe mmoja tu, Sirili, alikuwa amechukuliwa na mgambo kwenda vitani, kule kaskazini mwa mkoa wetu ambako Nduli, yule dikteta wa nchi jirani, alikuwa amevuka mpaka. Mkewe Sirili alijifungua mumewe hayupo, akafa siku ya tatu. Bibi Odilia akabaki na kitoto, Deo, na ng'ombe mmoja mwenye maziwa, mwekundu wa kukoza, jina lake Bihogo. Asubuhi na jioni ndama ananyonyeshwa kwanza ili mama yake ateremshe maziwa, kisha Bibi anakamua kidogo, anayachemsha, Deo ananyweshwa kwa kijiko. Mimi nilikuwa mbebaji wa Deo. Nikitoka shule namfunga mgongoni, natembea naye hadi alale. Alikuwa na tabia ya kunishika sikio. Nilimpenda kuliko ndugu zangu mwenyewe, na ndugu zangu walilijua hilo wakanitania kwamba nimezaa.

Sasa lazima nieleze habari ya ng'ombe wa kugabiwa, maana ndipo kila kitu kiliposhikia. Zamani mkubwa alimpa mtu wake ng'ombe. Aliyepewa anakamua, anapata mbolea, siku moja anarudisha mtamba wa shukrani. Lakini hata akae na uzao wa ng'ombe huyo miaka thelathini, hasemi kamwe kwamba ni wake. Ukimuuliza, atajibu, "Ni wa mkubwa wangu." Kusema "ni wangu" mbele ya watu ni utovu wa adabu mkubwa, ni sawasawa na kumtukana aliyekupa. Bihogo alikuwa mjukuu wa ng'ombe ambaye babu yangu alimgabia mumewe Bibi Odilia.

Vita viliposhika moto, vijiji viliambiwa vichange ng'ombe kwa ajili ya chakula cha askari. Hakuna aliyenung'unika, watoto wetu ndio waliokuwa huko. Katibu alitangaza masharti, na ninakiri yalikuwa ya haki. Nyumba iliyotoa askari haitoi ng'ombe. Nyumba iliyokwisha kutoa ng'ombe haitoi wa pili. Sisi tulikuwa tumekwisha kutoa dume letu. Bibi Odilia alikuwa ametoa Sirili. Kwa hiyo Bihogo, umgeuze huku, umgeuze kule, alikuwa salama.

Ila wiki ile ile katibu alikuwa amesema mkutanoni, taratibu, huku akifuta miwani, kwamba wapo viongozi ambao bado wana watu wao wa ng'ombe. Akasema huo ni ukabaila, na wilayani hawatafumbia macho. Hakumtaja mtu. Baba alirudi nyumbani hakula.

Siku ya kukagua ng'ombe sote tulikuwa mbele ya ofisi ya kijiji, asubuhi. Bibi Odilia alikuja amemshika Bihogo kamba, ndama anafuata, mimi nimembeba Deo. Baba alikuwa kwenye kiti chake, katibu amesimama na daftari.

"Bibi, ng'ombe huyu wa nani?" katibu akauliza.

"Ni wa Mtwale," akajibu Bibi Odilia, na goti lake likainama lenyewe.

"Mtwale ndiye nani? Hatuna cheo hicho hapa."

"Ni wa huyu baba yetu." Akaelekeza kiganja kilichokunjuliwa upande wa baba, maana mkubwa hanyooshewi kidole.

Katibu akageuka. Nakumbuka alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekuwa akingojea basi na sasa analiona kwa mbali.

"Mwenyekiti, ni wako?"

Angesema ndiyo, ng'ombe angerudi nyumbani, maana sisi tulikwisha kutoa. Angemwambia, "Odilia, nimekuachia, ni wako," ng'ombe angerudi nyumbani, maana yeye alitoa mwanawe. Majibu yote mawili yalikuwa mazuri. Watu wazima wote pale walilijua hilo, wakawa wanangoja achague moja. Baba alitazama viatu vyake.

"Mimi sina ng'ombe kwa mtu yeyote," akasema.

"Bibi?" akauliza katibu. "Ni wako basi?"

Bibi Odilia alifungua mdomo. Akamtazama baba. Nimemwona mama huyu akibeba kuni ambazo wanaume wawili wangegawana, lakini neno lile hakuweza kulibeba bila ruhusa. Alingoja baba ampe hata jicho tu. Baba hakuinua uso. Bibi akafunga mdomo.

"Basi hana mwenyewe," katibu akasema, akaandika. "Ng'ombe asiye na mwenyewe ni wa kijiji. Ndama mwacheni, ni mdogo."

Mgambo wakamchukua Bihogo. Deo alikuwa ameshika sikio langu.

Nyumbani baba aliingia nyuma ya matete akalia. Siwezi kusema alijifanya. Alilia kwa kwikwi, mabega yanatikisika, mpaka mama akaweka chini chungu akaenda kusimama pale kwenye kiambaza.

"Neno moja tu lingetosha," mama akasema.

"Mambo ya serikali huyajui, mama watoto. Wangenipeleka wilayani."

"Na kitoto kile?"

"Moyo wangu umechanika," akasema baba, "Mungu ndiye anayeuona."

Alasiri akapakata inanga. Akaimba wimbo mpya. Bihogo, alisema katika wimbo ule, Bihogo wa pembe pana, geuka njiani, urudi nyumbani, ndama anakuita, mtoto anakuita, nami Mtwale nakuita. Mistari mingi. Watu walisimama barabarani, wengine walifuta machozi, na kuna mwanamke aliyesema kwamba Mungu alitupa kiongozi mwenye moyo.

Mimi nilikuwa nje, nimejibana ukutani, na nilifurahi hadi nikakosa pumzi. Mfalme amelia. Sasa mfalme ametunga. Kilichobaki ni ng'ombe kurudi.

Nilikimbia kwa Bibi Odilia. Nilimkuta anafunga mzigo: nguo za Deo, kibuyu cha maji, viazi vya kuchemsha. Alikuwa amekata shauri aondoke alfajiri ampeleke Deo misheni, kwa masista waliopokea watoto wasio na mama na kuwapa maziwa ya kopo. Ni mwendo wa siku moja na nusu kwa miguu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba amesema Bihogo arudi nyumbani."

Akaacha kufunga. "Amesema yeye mwenyewe?"

"Nimemsikia kwa masikio yangu."

Na kama nisingekuwa binti wa Mtwale asingeniamini. Lakini nilikuwa binti wa Mtwale, na neno la mkubwa huwa linakuja na mtoto wake. Alipiga makofi polepole mara tatu, ameelekea nyumba yetu, shukrani ya kwetu. Kisha akafungua mzigo, akarudisha viazi chunguni.

Alingoja siku nne. Alikata majani mabichi akayaweka kwenye zizi. Deo alinyweshwa uji mwembamba wa mtama, akawa anautapika, kisha akaanza kuharisha. Siku ya pili hakulia kwa nguvu. Siku ya tatu alilegea mgongoni mwangu, na sikio langu hakulishika. Nilimwambia Bibi asijali, Bihogo yuko njiani. Nilikuwa nikienda barabarani kutazama. Nyumbani baba alikuwa anaukamilisha wimbo wake, kila jioni mstari mpya, na mimi kila mstari niliuhesabu kuwa amri imekaziwa.

Siku ya tano Bibi Odilia aliondoka mvua ikinyesha. Hakufika. Deo alikata roho kwenye mlima wa pili, mgongoni, na Bibi akageuka akarudi naye vilevile alivyombeba. Watu walimsalimu njiani wakidhani mtoto amelala, naye aliwajibu.

Siku ya mazishi nilimwendea baba nyuma ya matete. Nilikuwa nimekwisha kuelewa, ingawa si yote. Nikamwambia mimi ndiye niliyemwambia Bibi asubiri, kwa sababu nilimsikia akiimba. Uso wake ukabadilika rangi. "Usimwambie mtu," akasema. Kisha akanikumbatia akalia, na mimi nililia naye, na kwa muda mfupi nilijisikia vizuri. Hilo nalo linaniudhi hadi leo, kwamba nilijisikia vizuri.

Kaburini alikuja na inanga. Akakaa, akalaza chombo magotini, akakohoa kusafisha koo. Bibi Odilia, ambaye sikuwahi kumwona akimtazama baba usoni, akamtazama.

"Mtwale," akasema, "leo usiimbe."

Baba akaondoka na inanga yake, nayo ilikuwa mara ya kwanza kuona watu hawamsindikizi.

Ila kijiji hakikosi midomo. Baada ya wiki moja maneno yakaanza kuzunguka kisimani na baada ya misa. Yule mwanamke naye, walisema, kukaa na mtoto mgonjwa siku nne akitazama barabara! Masista wapo, njia ipo, alikuwa anangoja nini? Alichokuwa akingoja, Bibi hakukisema. Hata siku moja hakunitaja. Alinikuta njiani akaniitikia shikamoo yangu kama kawaida. Maneno yale yalifika nyuma ya matete pia; wazungumzaji walikuja wakayasema pale pale sebuleni, baba akasikiliza hadi mwisho kama alivyomsikiliza kila mtu, akasema, "Ni majaribu." Alijua kilichomweka yule mama siku nne. Ukimtoa Bibi mwenyewe, alikijua peke yake katika watu wazima wote wa kijiji, akawaachia wamtafune.

Sirili alirudi vita vilipokwisha, amekonda, suruali ya jeshi imefungwa kwa kamba. Kabla hata ya kwenda kaburini alikuja na mama yake kumwamkia mwenyekiti, kama heshima ilivyotaka. Baba alitoka nyuma ya matete akamkumbatia, machozi yakamtoka. Mama akaleta viti. Mimi nilikaa chini karibu na mlango.

Sirili akasema anataka kuelewa jambo moja tu. Ameambiwa njiani, hata kabla hajafika nyumbani, kwamba mama yake alikaa na mtoto siku nne. Alisema hivyo bila kumtazama mama yake, na sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua kutomsamehe.

"Nilichelewa mwenyewe, mwanangu," akasema Bibi Odilia.

Nilimtazama baba. Nilikuwa na miaka kumi sasa, na nilimngoja kama Bibi Odilia alivyomngoja siku ile mbele ya ofisi, nikitaka hata jicho tu. Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

"Mungu alitoa," akaanza kusema, kwa sauti ile nyororo, "na Mungu—"

"Ni mimi," nikasema. Nilikuwa nimekwisha kusimama. "Bibi alikuwa amefunga mzigo aende. Mimi nilimwambia baba ameagiza Bihogo arudi. Hakuwa ameagiza. Alikuwa anaimba. Na ng'ombe baba alimkana, na baba anajua yote haya, nilimwambia siku ya mazishi."

Sikumwona akiinuka. Kofi lilinipata upande wa shavu na sikio, nikaenda hadi ukutani nikiangusha kigoda. Mama alipiga ukelele. Baba alikuwa amesimama katikati ya sebule, mrefu, kifua kinapanda na kushuka, macho makavu kabisa, na mkono bado uko juu. Hakuwahi kunipiga kabla ya hapo, na hakunipiga tena. Sauti ilimtoka nene, ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kule ofisini. "Nyamaza!" alisema, na sebule nzima ikanyamaza, hata Sirili aliyetoka vitani.

Nilikaa pale chini, sikio linalia, nikimtazama. Mkono ule haukutetemeka. Kumbe alikuwa na sauti, na alikuwa na nguvu, tena za kutosha. Siku zote alikuwa nazo.